Karatasi ya Thelathini na Moja

Kila karatasi iliyotoka ofisi ya hesabu ya Profesa Ruckdeschel, mjini Darmstadt, ilikuwa na sahihi mbili pembeni. Moja ya Hedwig Amelung, mjane wa mwalimu. Nyingine ya Traudl Wiegand, mwenzake wa kazi. Kila mmoja alikokotoa chumbani mwake, kwa mashine yake ya kuzungusha kwa mkono, na ilikuwa mwiko kuchunguliana. Majibu yakilingana, ndipo wanatia sahihi.

Kazi yenyewe ilikuwa kutabiri elektroni zitatawanyika vipi zikipiga viini vya atomi za dhahabu. Elektroni iendayo karibu na kasi ya mwanga, tena inayojizungusha kama pia ya watoto, haitabiriki kwa hesabu za kawaida. Ilibidi kujumlisha visehemu vingi, chanya na hasi, vinavyofutana mpaka vibaki vichache. Kwa elektroni chache zinazorudi nyuma, masalio ni madogo mno: tarakimu moja ikiteleza, jibu zima limekwenda na maji.

Septemba ya mwaka 1959, Dokta Kiesewetter, kijana wa maabara moja ya kaskazini, alishuka treni na kijisanduku mkononi.

"Elektroni zetu hazikubaliani na karatasi yako ya thelathini na moja, Bi Amelung," alisema. "Mbele sawa kabisa. Nyuma tunapata nyingi kuliko ulivyoandika."

Profesa alikohoa. "Wawili kukosea kosa lilelile, Bi Amelung... watu watauliza kama mlinakiliana."

"Mimi nimnakili huyu?" Traudl alidakia kutoka mlangoni. "Mwandiko wake kama kuku kapita kwenye majivu!"

Hedwig hakucheka. Karatasi ile aliijaza wiki aliyomzika mumewe. Mji mzima ulijua kwamba neno la Mwalimu Amelung halihitaji shahidi, na sasa jina hilo lilikuwa lake kulitunza. Je, kama mkono uliteleza siku ile na yeye asijue? Na kama Traudl, kwa huruma, alichungulia jibu lake, akalinakili na kunyamaza?

"Nipe siku tatu," alisema.

Hakuigusa karatasi ya zamani. Alianza upya, kwa njia nyingine ndefu zaidi, akizungusha mpini mpaka bega likawaka moto. Supu ya viazi aliyoletewa na Traudl ilipoa pembeni.

"Niambie kweli, Traudl. Ulichungulia?"

"Wewe mwanamke! Wiki ile nilitamani kukusaidia, nikaogopa macho yako. Nilikufungia mlango tu, usisikie watu wakicheka ukumbini."

Siku ya tatu mchana, tarakimu ya mwisho ilitulia. Ilikuwa ileile. Hedwig aliitazama, akavua miwani, akaipangusa mara mbili ingawa ilikuwa safi.

Alimwendea Kiesewetter akiwa wima kama nguzo ya kanisa. "Karatasi yangu ni sawa, Dokta. Sasa nionyeshe dhahabu yako."

Kijana alifungua kisanduku. Utando wa dhahabu ulimeta kwenye fremu yake, mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Hedwig aliuinua dirishani, jua likapenya kidogo sana.

"Huu umekunjwa."

"Ulikuwa unachanika," Kiesewetter alijibu, masikio yakiwa mekundu. "Nikaukunja mara mbili, kisha mara mbili tena. Si tunalinganisha kila kitu na idadi ya zinazokwenda mbele? Unene unajifuta."

"Unajifuta mbele, kwenye elektroni tele. Lakini dhahabu ikiwa nene, elektroni hugonga kiini kimoja, ikasukumwa hadi kingine. Zilizogonga mara mbili zinakuja kuongezeka nyuma, mahali palipo na chache. Hizo ndizo ulizonihesabia mimi."

Kisha Profesa akasimama, jambo ambalo hakuwa akilifanya kwa watu wa hesabu. "Bi Amelung, niwie radhi. Nilisema neno lisilostahili nyumba yako."

"Limeishia humu ndani, Profesa. Lisitoke."

"Halitatoka."

Kiesewetter aliahidi kupima upya kwa utando mmoja usiokunjwa. Hedwig alirudi mezani, magoti yakiwa mepesi kama ya msichana, akachukua karatasi mpya. Pembeni hakuweka herufi mbili za mwanzo wa majina yake kama desturi. Aliandika jina zima, Amelung, kwa mwandiko uliosomeka.

"Hee, kumbe unaweza!" Traudl alisema, akisukuma kipande cha keki ya plamu mbele yake. "Kula basi, siku tatu hujala."

Na Hedwig akala, na kuomba kingine.