Mate ya Kumponya Tomi

Nilipokuwa mtoto kule Ndithini, niliamini kwamba macho yangu yanaweza kuozesha sikio la mbwa. Hakuna aliyenishtaki. Nilijishtaki mwenyewe, na ushahidi nilikuwa nao: nilikuwa na wivu kupita kiasi, na watu wa kwetu husema mtu akikitazama kitu kwa wivu, kitu hicho huugua. Jicho, wanaliita hivyo tu.

Mbwa mwenyewe alikuwa wangu. Hilo nataka lieleweke mapema, maana hata leo nikisikia mtu akisema "yule mbwa wa Mwende" damu inanichemka. Anko Musyoki, mdogo wake baba, ndiye aliyeniletea Tomi akiwa angali wa kutoshea kwenye kofia. Nilimlisha maziwa kwa kidole. Nilimwachia ugali wangu wa jioni, nikadanganya kwamba nimeshiba. Alikuwa na masikio marefu ya kulala, tofauti na mbwa wote wa kijiji, na nilijivunia masikio hayo kana kwamba nimeyashona mimi.

Kisha akaja Mwende. Mama yake, yaani shangazi yangu, alikuwa amepata kazi ya kulea watoto wa watu Nairobi, akamleta bintiye akae nasi nyumbani kwa Susu, nyanya yetu. Tulikuwa rika moja. Kabla wiki haijaisha, Tomi alikuwa akilala miguuni pake. Nilimwita, akanitikisia mkia bila kuinuka. Laiti Mwende angemhonga kwa nyama, ningeelewa. Hakumpa chochote wala hakumbembeleza. Alikaa tu, kimya chake kile, na mbwa akamfuata.

Ndipo shida ya masikio ikaanza. Tomi alitikisa kichwa, kisha akawa anakiinamisha upande mmoja na kujikuna hadi analia. Ukiinua lile sikio ulikutana na uchafu wa kahawia na harufu ya maziwa yaliyochacha. Susu alichemsha maji ya chumvi, akayaacha yapoe, akamsafisha kwa pamba. Akapata nafuu, halafu akaugua tena. Jirani akatuletea utomvu wa kiluma, ule mshubiri unaoota kando ya ua. Tulipomtia, Tomi alipiga kelele kijiji kizima kikasikia. Akapona nusunusu, akaugua tena, safari hii masikio yote mawili.

Na kila alipougua, alimkubali Mwende peke yake amshike kichwa. Mimi nikinyoosha mkono, alinguruma. Mbwa wangu! Nilikuwa nikienda nyuma ya ghala kulia, na nikitoka huko nawatazama wale wawili kwa jicho ambalo nilijua kabisa si zuri.

Anko Musyoki alichoka. Mbuzi walikuwa wameibwa zizini na Tomi hakubweka hata mara moja.

"Mbwa kama hasikii, ni wa nini?" alimwambia Susu. "Akiendelea hivi, mimi nitammaliza."

Anko hakuwa mtu wa mzaha. Susu alimtazama mbwa, akasema, "Huyu ameangaliwa. Tutatema mate."

Kwetu, dawa ya jicho ni mate ya mwenye jicho. Aliyekitazama kitu vibaya anakitemea kidogo huku akikitakia heri, na ule ubaya unatoka. Shida ni kumpata mwenyewe, kwa sababu nani atajitokeza? Susu alikuwa na njia yake ya heshima. Hakumtaja mtu. Aliwaita wote wa boma, kila mmoja ateme, ili mwenye jicho apite katikati ya wengine bila kujulikana. Sijaona mahakama yenye huruma kuliko hiyo.

Tulipanga foleni uani baada ya chakula cha mchana. Mwende alikaa chini, kichwa cha Tomi mapajani mwake. Anko alitema upesi, akaenda zake. Mama akatema. Mwende aliinama, midomo ikinong'ona, akakawia sana kabla ya kutema. Zamu yangu ikafika, na kinywa kikakauka. Nilijaribu kukusanya mate, hakuna. Tomi alinitazama kutoka mapajani mwa mtu mwingine, na moyo wangu ukasema waziwazi: apone, lakini arudi kwangu. Kama harudi, shauri yake. Wazo hilo lilinitisha.

"Mwiitu, msichana wangu, kunywa maji kwanza," Susu aliniambia kwa upole, akanipa kikombe.

Wote walikuwa wananitazama. Nikanywa, nikatema.

Tomi akapona, na hapo ndipo balaa langu lilipoanzia. Wiki zilipita masikio yakiwa makavu. Hakuna aliyesema neno, lakini tangu siku hiyo mbuzi akizaa niliitwa. "Kuja utemee huyu kidogo," Mama aliniambia, bila kuniangalia usoni. Jirani alipojifungua, alinikimbilia mlangoni na kitoto chake nikitemee mate kabla sijakiangalia vizuri. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi na tayari nilikuwa mtu wa macho. Mwende hakuna aliyemwita. Yeye alitembea na mbwa wangu, na jina lake safi.

Likizo ya Agosti nilipelekwa Kithimani kwa mama mkubwa. Niliporudi, Tomi alikuwa anaumwa tena, na Mwende alikuwa amesimama mbele ya Anko.

"Anko, ni hiyo pampu."

"Pampu gani?"

"Ya dawa ya kupe. Wakati iliharibika, alipona. Umeitengeneza juzi, ukamwosha, sasa masikio inanuka tena. Maji inaingia na haitoki, sababu masikio yake inafunika."

Kila Jumamosi Anko aliwapulizia ng'ombe na mbuzi dawa ya kupe, na kilichobaki kwenye pampu alimmalizia Tomi, kuanzia kichwani. Pampu ilikuwa imeharibika wakati uleule tulipotema mate. Anko alikuna kidevu, hakubishana. Kuanzia hapo Tomi alizibwa masikio kwa pamba kabla ya kuoshwa, kichwa kikapanguswa kwa kitambaa tu, na Mwende akamkausha. Sikio la kushoto halikurudi kusikia vizuri, lakini Anko hakutaja tena kummaliza.

Nami nikaacha kuitwa kutemea mbuzi. Unadhani nilishukuru? Nilimchukia Mwende zaidi. Alikuwa amechukua mbwa, akachukua na sifa za kumwokoa, na hata jina langu jema likanijia kutoka mkononi mwake.

Siku hizi naishi Kinanie, na nina mbwa mwenye masikio ya kulala vilevile. Daktari wa mifugo hunipa dawa ya matone, na kila mara hunisisitizia nimkaushe masikio baada ya kumwogesha, nisimtie kitu chochote ndani kabla yeye hajamwangalia. Mwende alipokuja kunitembelea, mbwa huyo alimnusa mara moja tu, akajilaza miguuni pake. Nilicheka, kwa nje. Tulipokuwa tukimsafisha masikio pamoja, nilimuuliza alijuaje habari ya pampu.

"Nilikuwa natafuta sababu nyingine," alisema. "Niliogopa sana. Nilijua ni jicho langu."

"Lako? Si mbwa alikuwa anakupenda wewe?"

"Si mbwa nilikuwa naonea wivu. Ni wewe. Kila asubuhi mamako akikusuka nywele pale mlangoni, nilikuwa naangalia. Nikaona hiyo wivu yangu imekukosa, ikaangukia mbwa wako."

Nilimhurumia, na nilimhurumia kweli: mimi nilikuwa na mama yangu pale pale nyumbani, na bado nikamnyima mbwa mmoja. Lakini kabla huruma haijafika, kitu kingine kilinichoma kwanza, na sioni aibu kukisema. Hata kwenye wivu alikuwa amenishinda. Wake ulikuwa na sababu nzuri kuliko wangu.