Nilivyokimbiza Nyakabere kwa Neno Moja

Miaka ile ya vita, mgeni mmoja aliyejua Kiingereza tu alifika kijijini kwetu Nyakabere akanichukua niwe mkalimani wake. Kiingereza changu nilikiokota kambini, nikiwafulia nguo wanajeshi wa kigeni, na kwao "drill" ilikuwa mazoezi ya askari. Basi mgeni alipotangaza kwamba kesho kutakuwa na drill, niliwageukia watu kwa majivuno: "Kesho askari wanakuya kufanya mazoezi hapa!"

Hakuna aliyeuliza ni askari wa nani. Kulipopambazuka kijiji kizima kilikuwa barabarani, mimi mbele na godoro kichwani. Jirani yangu Mama Furaha alikuwa amebeba cherehani.

"Mbiyo, mama, mbiyo!" nilimhimiza.

Mara likatokea lori lenye mabomba marefu. Nikadhani ni mizinga, nikajitupa mtaroni na godoro langu. Lori likasimama, dereva akachungulia.

"Mukalimani, weye unafanya nini humo? Drill ni hii mashine ya kuchimba kisima. Tunawaletea maji!"

Mama Furaha alitua cherehani taratibu, akaniinamia pale mtaroni.

"Kumbe minye nimekimbia maji?"