Fundi Makochi na Maumivu ya Nyonga

Mtaani walimwita Mpekuzi, naye hakuchukia. Alikuwa fundi makochi, mtu mwembamba, mdomo umejaa misumari midogo. Kila kochi lililoletwa alilichana mgongo kwanza, aone fundi wa mwanzo alishindilia sponji au matambara. Hata alipofanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana, aliomba aonyeshwe kipande walichokata. Walimkatalia, akanuna wiki nzima.

Alimaliza dawa, akapata nafuu, akarudi kazini. Miaka miwili ikapita. Kisha nyonga ya kushoto ikaanza kuuma. Aliilaumu kazi ya kuinama, na mkewe akawa anamkanda kwa maji ya moto. Lakini uchovu wa kazi huisha mtu akijilaza. Maumivu haya yalikuwa yakimngoja kitandani.

Hospitalini, kabla hawajaitwa kupewa majibu ya picha, mkewe alimvuta daktari pembeni.

"Daktari, jibu likiwa baya usimwambie. Niambie mimi."

"Mama, akiniuliza sitamdanganya."

"Atauliza tu," mama akahema. "Huyo atakuuliza mpaka koti lako limeshonwa wapi."

Picha ilipowekwa kwenye skrini, Mpekuzi aliisogelea hadi pua ikakaribia kugusa kioo.

"Kwa hiyo nina saratani ya mfupa?"

"Hapana, mzee. Ni ileile ya utumbo. Imesafiri kwenye damu, ikaota kwenye nyonga na hapa kwenye uti wa mgongo."

"Mbona imeruka ini?"

"Ni kweli, mara nyingi huanzia kwenye ini au mapafu. Kukimbilia mifupani peke yake ni nadra. Kwa nini kwako imekuwa hivyo, hatujui vizuri."

"Hamjui?"

"Hatujui."

Jibu hilo lilimfurahisha kwa namna ambayo mkewe hakuielewa. Kisha akauliza, "Nimebakiza muda gani?"

Mkewe akainuka. "Mimi natoka. Sitaki kujua."

"Haya, toka, mke wangu. Nitajua kwa niaba yetu."

Alitoka, ila mlango hakuufunga vizuri.

"Kwa wengi waliofika hatua hii," daktari alisema taratibu, "tunazungumzia miezi. Wapo wanaovuka mwaka, na wachache wanaenda mbali zaidi, hasa kama viungo vingine ni vizima na mwili una nguvu. Siku siwezi kukutajia. Kuiondoa kabisa hatuwezi, lakini mionzi itapunguza maumivu, na ipo dawa ya kuimarisha mifupa isivunjike."

"Hayo ni ya wengi. Ya kwangu je?"

"Ya kwako tutayaona pamoja. Lakini ya wengi usiyapuuze."

Kwenye mionzi alimuuliza mhudumu kama miale ina harufu. "Mzee, tulia usitikisike," akajibiwa. Baada ya wiki chache maumivu yalipungua, akarudi karakana, safari hii akikaa kwenye stuli ndefu huku wengine wakibeba mizigo.

Nyumbani, mkewe hakuligusa jambo lile. Ilimchukua muda. Siku moja, akipasi kitambaa cha kochi, aliuliza bila kuinua macho, "Daktari alisemaje?"

"Si ulikuwa mlangoni?"

"Kulikuwa na mtu anakohoa ukumbini. Nilisikia nusu."

Akamweleza yote. Mama alilia, akazima pasi, akafuta uso kwa kitambaa cha mteja. Halafu akasema, "Na maumivu yakirudi kwa nguvu, sisi huku nyumbani tunafanyaje?"

Mpekuzi akapitia maswali yake yote. Alikuwa ameuliza kuhusu mfupa, ini na harufu ya miale. "Hilo sikuuliza," akakiri.

Kesho yake walirudi kwa daktari wote wawili, na siku hiyo mama ndiye aliyekaa kiti cha mbele. Walipewa dawa kali ya maumivu, wakaelekezwa jinsi ya kuitumia na nani wa kumpigia simu.

Alivuka mwaka. Alivuka na miezi kadhaa juu yake, kisha ini nalo likaguswa, na nguvu zikamwisha haraka. Maumivu yalirudi, ila yalikuta dawa ndani na mkewe anajua la kufanya.

Asubuhi moja alisikia kelele nje, akamwomba mkewe achungulie dirishani. Mama akasema ni mafundi bomba, wanachimba barabara.

"Wanatafuta nini?"

"Ngoja nikawaulize," akasema mama, akatoka na kanga mabegani. Alirudi na jibu: bomba kuukuu limepasuka, na hakuna anayejua lilizikwa lini. Mpekuzi alicheka kidogo. Alasiri ile akafariki, kichwa kikiwa kwenye paja la mkewe.