Sahani ya Bluu ya Ephrasia

Ephrasia alizaliwa Kobwe, upande wa Msumbiji, ambako Ziwa Nyasa ni lile lile na watu wanasema Kinyasa kile kile. Ujanani alifua nguo nyumbani kwa mfanyabiashara Mreno. Wareno walipofungasha virago, mke wa yule bwana alimwachia sahani ya zamani, nyeupe, iliyochorwa kwa mkono kwa rangi ya bluu: mwanamke dirishani, ndege, na maua yaliyozunguka ukingo wote.

Vita ilipozuka, Ephrasia alipanda mtumbwi hadi Liuli, upande wa Tanzania, sahani kaiviringisha kwenye kanga kifuani. Hakuwahi kuilia chakula. Mchana, mihogo ikikauka juani, aliiweka mapajani na kuitazama mpaka akahisi yumo ndani yake, anatembea polepole chini ya lile dirisha, na hewa yenyewe ni ya bluu.

Mwaka 1993, biashara huria iliporuhusiwa, mchuuzi aitwaye Wendelin alifika kutoka Mbinga akitafuta vitu vya kale vya kupeleka Dar es Salaam. Alisalimia, akaonyeshwa sahani, akaahidi mabati ya kuezeka nyumba nzima. Nyasi za paa la Ephrasia zilikuwa zimeoza. Ephrasia aliomba siku moja ya kufikiri, akaitumia yote kuitazama sahani. Kesho yake akaitoa.

Mabati yaliezekwa. Ila wiki nzima Ephrasia alikosa raha. Mikono ilikuwa haina pa kukaa. Ndipo siku moja alipofumba macho akaiona sahani nzima, hata pale brashi ya mchoraji ilipoteleza kwenye bawa la ndege. Akapaka ukuta wa ndani udongo mweupe, akakoroga bluu ya kufulia katika uji mwepesi wa muhogo, akachukua unyoya wa kuku.

Alichora siku tatu. Mwanamke alitoka na uso wa Kinyasa, dirisha likatazama ziwa, na ndege wakawa kundi zima.

Jirani yake Lidia alikuja kuazima kinu, akasimama mlangoni akiutazama ukuta. Baadaye akauliza kama sahani ile haimuumi rohoni.

"Iliniuma," Ephrasia alisema. "Lakini ile ilikuwa na ndege mmoja tu."

Lidia akacheka. Jumamosi alirudi na ndoo ya udongo mweupe kichwani, akamwomba amchoree samaki aina ya mbasa ukutani juu ya kitanda chake, wengi, waonekane wanakwenda mahali.