Nani Aliyegusa Kishikio

Mimi ni mtu wa kushuku. Sijivunii hilo, na sijawahi kulificha. Katika miaka ile ya Mwingereza nilikuwa fundi redio Ngarenaro, mjini Arusha, na kazi hiyo humfundisha mtu kutoamini. Mteja anakuapia kwamba redio yake imezimika yenyewe, unaifungua unakuta chai ya maziwa imeganda ndani. Basi nilizoea kusikiliza maneno ya watu huku nikitafuta chai.

Jumamosi nilikuwa mpiga gitaa. Bendi yetu ilikuwa ya watu watano, na ni mimi peke yangu niliyekuwa na gitaa la umeme. Nililipata pamoja na amplifaya yake kwa mlowezi mmoja wa upande wa Meru, aliyeuza shamba lake la kahawa akarudi kwao. Amplifaya ilikuwa ya Kimarekani, ya valvu, zile taa ndogo za kioo ambazo zikipata moto huwaka wekundu hafifu. Ilitaka volti mia na kumi. Umeme wetu Arusha ulikuwa mia mbili na zaidi. Ukiichomeka ukutani moja kwa moja, umeiua.

Kwa sababu hiyo mlowezi alinipa na transfoma ya kuzungusha. Lilikuwa dude zito la mviringo, kama sufuria iliyofunikwa, lenye kishikio juu. Ukikizungusha kulia, umeme unaotoka unapanda. Ukikirudisha kushoto, unashuka. Alinielekeza nianze kwenye sifuri, nipande polepole huku naangalia valvu, nikifika panapotakiwa nisimame. Akanionya kwamba transfoma ya namna hii inapunguza nguvu ya umeme tu, haimtengi mtu na ukuta, na waya wake ukiushika ni sawasawa na kuushika ule wa ukutani. Nilimwambia nimeelewa, na nilikuwa nimeelewa kweli. Lakini kwa kuwa alinipa kirahisi mno niliingiwa na wasiwasi, nikaipeleka nyumbani Lemara nikaifungua yote kutafuta kasoro. Sikuiona, nikazidi kumshuku.

Gitaa kavu, lile lisilo na umeme, lilipigwa na rafiki yangu. Alikuwa Mmeru, mpole, mwenye vidole virefu ambavyo nilivionea wivu tangu siku ya kwanza. Siku za kazi alikuwa kwenye kinu cha kukoboa kahawa, na kinu hicho kilikuwa ukuta kwa ukuta na ukumbi tuliopigia dansi. Mkewe aliposhuka mlimani na mkungu wake wa ndizi akaiona ile mitambo yangu na nyaya zake, hakuipenda hata kidogo. Aliniita pembeni.

"Shemeji, sisi tunakula kwa mikono ile," aliniambia. "Huo umeme wako usije ukaniharibia."

Nikamwapia kwamba kazi ya umeme ni yangu, na kwamba hakuna mtu atakayeumia nikiwa mimi ndiye fundi. Akasema, "Haya," akajitwika mkungu wake.

Bosi wangu wa duka la redio hakuruhusu mita yake ya kupimia umeme itoke dukani. Nilimbembeleza wiki nzima ndipo akaniazima kwa Jumamosi moja. Saa saba mchana, kabla watu hawajaingia ukumbini, nilipandisha kishikio taratibu mpaka mita ikasoma mia na kumi, nikachora mstari mwekundu hapohapo. Ng'ambo ya ukuta kinu kilikuwa kinanguruma kama kawaida ya msimu wa kahawa, hata sikukisikia, maana nilikuwa nimeshakizoea. Tangu siku hiyo ule mstari ndio uliokuwa mita yangu. Swichi ya amplifaya yenyewe ilikuwa imekufa tangu kwa mlowezi, kwa hiyo kuwasha na kuzima, yote tuliyafanya kwenye transfoma.

Tulivyokaa jukwaani, mimi nilikuwa mbele na mitambo ilikuwa nyuma, karibu na kiti cha rafiki yangu. Hapo ndipo mashaka yangu yalipopata pa kuota.

Jumamosi ya pili, dansi lilipokwisha, nilikwenda kuzima nikakuta kishikio kiko chini ya mstari kwa upana wa kidole. Nilidhani nimekigusa mwenyewe. Jumamosi ya tatu nilikiweka sawasawa kwenye mstari, nikakitazama mara mbili, na jioni nikakikuta tena kimeshuka kwa upana uleule. Sasa nikaanza kukumbuka mambo. Nikakumbuka kwamba tangu nipate gitaa la umeme watu hawakuwa wakilisikia la kwake. Nikakumbuka kwamba wiki iliyopita nilimwona akizungumza kwa sauti ya chini na mpiga tarumbeta wa bendi moja ya Moshi. Na sauti yangu, nilipoifikiria vizuri, ilikuwa kweli inafifia kila dansi likikaribia mwisho. Niliisikia ikififia. Leo ningeapa kwamba haikufifia hata chembe, lakini wakati ule niliisikia kwa masikio yangu haya.

Sikumwuliza. Mtu wa kushuku haulizi, anatega. Jumamosi iliyofuata nilipaka dawa nyeusi ya viatu chini ya kishikio, mahali macho hayafiki. Baada ya dansi nilimpa mkono kumpongeza, nikaushikilia kidogo, nikaugeuza kama mtu anayetania. Gumba lilikuwa jeusi. Nilicheka, naye akacheka, akajifuta kwenye suruali. Nikarudi Lemara kwa miguu, nikimtukana njia nzima kwa majina ambayo mama yangu hakunifundisha.

Lazima niseme ukweli hapa, kwa kuwa ndio unaoniuma. Mtu huyo alikuwa ameshanieleza. Si kwa kunifundisha, maana hakuwa mtu wa kumfundisha mwenye cheti. Tulikuwa tunakula nyama na vijana wa Kisongo waliokuja mjini na ng'ombe, akasimulia tu, kama hadithi ya kuchekesha, kwamba mashine za kinu zikizimwa saa kumi, taa za kambi ya wafanyakazi huwa kali hadi zinaumiza macho, na mkewe alidhani ni mashetani. Watu walicheka. Mimi nilisema ndiyo, ndiyo, nikaendelea na mfupa wangu. Ukumbi ulikuwa kwenye waya mmoja na kinu. Mashine zile nzito zikifanya kazi, zinavuta umeme hadi unalegea kwenye jengo zima. Zikizimwa, umeme unaruka juu. Mstari wangu mwekundu niliuchora wakati umeme umelegea. Ulikuwa wa kweli hadi saa kumi tu, na baada ya hapo ni yeye aliyekuwa akikirudisha kishikio chini kuinusuru amplifaya. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliona hilo, nami nilikuwa na cheti ukutani.

Nilitengeneza sanduku la mbao za msonobari. Niliingiza transfoma ndani, nikalikaza ukutani kwa skrubu likafunika na soketi, ili mtu asipate pa kugeuza wala pa kuchomoa. Nilitoboa tundu moja la kupitisha waya wa kwenda kwenye amplifaya. Juu nikatia kufuli, na ufunguo nikautundika shingoni kwa kamba, ndani ya shati. Wenzangu waliponiuliza nilisema ni la usalama. Rafiki yangu alilizunguka lile sanduku, akaligusa kufuli, akanitazama. Akakaa kwenye kiti chake akaanza kukaza nyuzi.

Siku hiyo ukumbi ulijaa. Tulianza saa nane, na nilipiga kwa raha ambayo sikuwa nayo kwa majuma mengi, kwa sababu nilijua mwizi wangu amekaa nyuma mikono mitupu. Karibu na saa kumi aliniita. Alisogea mpaka begani kwangu, akaniomba ufunguo. Nilimwambia tunapiga, akae. Akasema ni muhimu. Nikamgeuzia mgongo.

Muda mfupi baadaye gitaa langu lilinguruma. Sijawahi kusikia sauti tamu namna ile ikitoka mikononi mwangu. Ilikuwa nene, kali, imejaa ukumbi mpaka kwenye bati, na watu wakapiga vigelegele. Nilifumba macho. Nilijiambia kumbe sauti yangu ndiyo hii, na hiki ndicho alichokuwa ananiibia kila Jumamosi. Hata kimya cha ng'ambo ya ukuta sikukigundua.

Harufu ndiyo iliyonifumbua macho, harufu ya lami na nguo inayoungua. Niligeuka nikaona valvu mbili zimekuwa nyekundu mwili mzima, na moshi unatoka nyuma ya amplifaya, sentimita chache kutoka kwenye pazia la jukwaa. Rafiki yangu alikuwa ameshapiga magoti. Alilivuta kufuli mara moja, likakataa. Kisha akakamata waya unaotoka kwenye tundu la sanduku kwa mkono wa kushoto, akauvuta kwa nguvu zake zote. Mpira wa waya ule ulikuwa wa zamani kama amplifaya yenyewe. Ulimegeka mkononi mwake, naye akabaki ameukamata, hawezi kuuachia, mdomo wazi bila sauti.

Mimi nilibaki nimesimama. Ufunguo ulikuwa kifuani kwangu nami nilikuwa napapasa kamba kama mlevi. Aliyemwokoa ni mlinzi wa mlango, mzee wa Kiarusha ambaye hakuwa na cheti cha kitu chochote, aliyekimbilia swichi kuu ya ukumbi akaishusha kwa fimbo yake. Taa zikazimika, rafiki yangu akaanguka upande, na wanawake wakaanza kulia.

Alikaa hospitali wiki tatu. Kiganja kilipona kwa kovu. Kidole cha kati na cha pete vilijikunja kuelekea ndani na havikukunjuka tena. Kwenye kinu walimpa kazi ya kufagia makapi, na gitaa lake alimpa kaka wa mkewe.

Nilipanda mlimani kumwona Jumapili moja baada ya ibada. Nilikuwa nimekariri njia nzima kwamba nitasema waya ulikuwa mbovu, na ulikuwa mbovu kweli. Mkewe alinipokea kwa adabu iliyonichoma zaidi ya matusi. Aliniletea kigoda, akamimina chai, kisha akaketi akauliza swali alilokuwa amelitunza.

"Shemeji, lile kufuli lilikuwa la nini?"

Kabla sijafungua mdomo mumewe akamjibu kwamba lilikuwa la usalama, fundi hakutaka watu waguse. Alisema hivyo taratibu, akiangalia migomba. Ningeweza kunyamaza hapo. Chai ilikuwa moto, njia ya kurudi ilikuwa ndefu, na hakuna aliyekuwa ananidai neno lolote. Lakini aibu ilinipanda, nikakiweka kikombe chini.

"Lilikuwa la kukuzuia wewe," nilimwambia rafiki yangu. "Nilikushuku."

"Najua," alisema. "Ndiyo maana sikukuomba ufunguo mara ya pili."

Mkewe alinyanyuka akachukua kikombe changu, kingali kimejaa, akakipeleka ndani.