Waliosema Tuko Pamoja

Naikumbuka siku ile, mwanangu, ingawa ningependa kuisahau. Ilikuwa siku ya mkutano mkuu wa kijiji chetu huku Hanang, upande wa Mogitu. Wakati ule nilikuwa bado kijana, maana serikali inamhesabu mtu kijana mpaka miaka thelathini na tano, nami nilikuwa sijaifikisha. Leo wajukuu wananiita bibi na mgongo wangu unakubaliana nao. Nilikuwa nimeolewa hapa kutoka Endagikot, kule Mbulu, na nilishazoea kuwa ng'ombe wa huku hunywa maji kwenye bonde la kijiji, bonde ambalo halikuwa la mtu mmoja.

Tulikuwa na kijana wetu akiitwa Boay, mtoto wa shemeji yangu, kwa hiyo akiniita mama mdogo. Alikuwa amemaliza chuo cha ualimu, anajitolea kufundisha shule ya msingi hapa kijijini huku akisubiri ajira. Boay ndiye aliyeanzisha kundi la kijiji kwenye simu. Simu za kugusa ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia, na kila aliyenunua aliingizwa kundini. Wakaingia na watoto wetu walioko Arusha, Babati na Dodoma, wakaingia hata manesi wa kutoka mikoa mingine waliowahi kufanya kazi zahanati yetu.

Usidhani nakuja kuilaumu simu. Mvua zilipobomoa daraja la kwenda zahanati, mama mmoja mjamzito alivushwa kwa machela katikati ya maji ili gari lililosubiri ng'ambo limkimbize hospitali ya Haydom. Boay akamwomba ruhusa mume wa mama huyo, akapiga picha, akaituma. Picha ikatembea mpaka wakubwa wakaiona. Mafundi wakaja. Mimi mwenyewe nilisimama juu ya daraja jipya nikalipigapiga kwa mguu, siamini. Kwa miaka tulikuwa tumeandika barua za daraja lile bila jibu.

Kwa hiyo lilipokuja suala la bonde, tulikuwa na matumaini makubwa. Habari zenyewe zilitufikia kupitia kundi hilohilo. Mtoto wetu mmoja aliyeko mjini alisikia kuwa kuna mtu anaomba bonde lote alime ngano, na kwamba viongozi wetu wameshakubaliana naye, bado tu mkutano wa kijiji upitishe. Bila kundi tungeamshwa na trekta.

Ungeona simu siku hizo! Hazikulala. Kila mtu alikuwa na la kusema. Boay aliandika kwa jina lake kamili kwamba viongozi wanauza kisicho chao, na kwamba wizi ni wizi hata ukipigwa muhuri. Watu wakamjibu kwa alama za ngumi na moto. "Tuko pamoja, kamanda." "Songa mbele, tuko nyuma yako." Akanionyesha, uso wake unang'aa kama mtoto aliyevaa shati jipya la Krismasi.

Siku chache kabla ya mkutano alikuja nyumbani. Baba mkwe wangu, Mzee Qamara, ambaye ni babu yake Boay, alikuwa ameketi uani akichonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nasikia una jeshi."

Boay akacheka. "Wapo wengi, babu. Safari hii hawapitishi."

"Umeenda kwa nani? Umeingia nyumba ya nani ukakaa, ukamwambia bonde linaondoka, ukasikia anachojibu?"

"Nyumba zote zimo humu," akasema, akiinua simu.

Mzee aliacha kuchonga. "Huko juu kwenye vitongoji vya mlimani hawachungi bondeni. Hao viongozi unaowapinga wamekwenda huko kwa miguu wiki nzima, wanawaahidi kazi kwenye shamba la ngano. Wewe umekwenda lini?"

Boay alikuwa kijana mwenye heshima. Akasema, "Nitakwenda, babu." Hakwenda. Jioni zake ziliishia kuwajibu watu wa mjini waliokuwa wakibishana wao kwa wao kuhusu vyama.

Siku ya mkutano lori lilishuka kutoka mlimani limejaa watu. Wa upande wetu nikawatafuta kwa macho. Walikuwepo Mzee Qamara na fimbo yake, mjane mmoja jirani yangu, wachungaji wachache wa ng'ombe, mimi na mume wangu. Mwenyekiti akasoma hoja, akauliza kama kuna mwenye neno.

Boay akasimama. Alizungumza vizuri, mwanangu. Akaeleza mifugo itakunywa wapi, watoto watachunga wapi. Kisha akasema, "Sisi wananchi tunaopinga tupo wengi. Naomba wanaopinga wasimame."

Tukasimama. Mzee alichelewa kwa sababu ya magoti, mjane akamshika mkono. Boay akageuka kututazama, na nikaona macho yake yanapita juu yetu, yanatafuta wengine huko nyuma. Hapakuwa na wengine. Mfukoni mwake simu ilikuwa inalia, inalia tena. Baadaye nilijua ni kundi. Wengine walikuwa nyumbani kwao, mwendo mfupi kutoka pale, wanaandika: "Vipi, mmefikia wapi? Tupeni habari."

Watu wa lori wakanyoosha mikono. Bonde likaenda.

Nilidhani hayo ndiyo yatakuwa maumivu yenyewe. Kumbe bado. Kuna mtu ndani ya kundi alikuwa amepiga picha maneno yote ya Boay na kuyapeleka kwa wale aliowaita wezi. Hatujamjua mpaka leo. Boay akaitwa kituoni, akawekwa ndani kwa uchochezi. Kundi likachemka tena. Wakaweka picha yake kwenye simu zao, wakaandika "Mwachieni Boay." Lakini waliopeleka uji ni mimi na Mzee Qamara, na kule kituoni hatukumkuta mtu mwingine anayemuulizia.

Ikaanza kusemwa kuwa kila aliyemo kundini ataitwa. Hapo nikaishika simu ya mume wangu nikawa natazama. Fulani ametoka. Fulani ametoka. Fulani ametoka. Waliokuwa wa kwanza kuweka ngumi walikuwa wa kwanza kutoka.

Boay aliachiwa bila kesi. Shuleni wakamwambia hawahitaji tena wa kujitolea. Majirani wakawa wanamsalimia haraka, wanapita. Siku moja aliniambia, "Mama mdogo, bora wangenitukana." Akaondoka kwenda Simanjiro kwenye machimbo. Mzee Qamara alipofariki tulimpigia, namba haikupatikana. Mpaka leo haipatikani. Bonde lina ngano, ng'ombe zetu huzunguka mbali kutafuta maji, na wengi wamewauza.

Sasa wewe umekuja kuniambia mmeanzisha kundi jipya huko kwenu. Sikukatazi. Simu itakuletea habari ambazo wakubwa hawakutaka uzijue, na itafika pale ambapo barua zetu hazikufika. Lakini kabla hujaandika neno, nenda kwa watu. Kaa nao, uwaone nyuso, ujue nani anaogopa na anaogopa nini, kwa sababu mwoga si adui, ila ukimhesabu kuwa jasiri utaangamia. Usiandike kwa hasira jambo ambalo hutaweza kulisema mbele ya hakimu. Na mwenzako akisimama, nenda ukasimame. Ukiona huwezi, mwambie mapema kuwa huwezi. Usimtumie ngumi na moto ukamwacha peke yake mbele ya watu.

Ukiniuliza kama hayo yatatosha, nitakujibu ukweli: sijui, na siku nyingi naona hayatatosha. Nimewaona watu walivyo.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe wenzako wa kweli, hata wakiwa wachache. Wakikuweka ndani, akujalie mtu wa kukuletea uji, na ukitoka akurudishe nyumbani kwa mama yako.