Ukisikia Shudi, Piga Makofi

Aibu zangu nyingine zimeshakufa, hii bado iko hai, na kila msimu wa kahawa unapofika huwa inanitembelea hata huku nilikostaafia. Nawasimulia leo kwa sababu nimechoka kukaa nayo peke yangu, halafu nyie ni watu wangu, mkicheka mtacheka kidogo.

Mimi ni mtoto wa Liuli, wa ziwani, lakini serikali ilinipeleka kufundisha Kiingereza kwenye sekondari moja ya milimani, Mbinga, kwenye baridi ambayo mtu unaoga kwa kujilazimisha. Ilikuwa ile miaka soko huria limeingia, ushirika umelegea, na kila mwenye mizani na lori anajiita mnunuzi wa kahawa. Wakulima wa kijiji jirani na shule wakaunda kikundi chao, mwenyekiti Mzee Oswini, makamu wake Mama Otilia, na shida yao ilikuwa moja tu: wanunuzi walikuwa wanaweka mizani barabara kuu, chini kabisa, kwa hiyo akina mama ndio waliokuwa wanashusha kahawa kichwani, wengine na mtoto mgongoni, mlima ule ambao mimi nikiushuka mikono mitupu magoti yanatetemeka. Walitaka mizani ipandishwe kijijini, basi. Kampuni moja ikakubali kuja kuwasikiliza, ikasemekana meneja wake ni Mzungu asiyejua Kiswahili, kwa hiyo risala isomwe kwa Kiingereza. Wakanijia mimi.

Nilikuwa nimechoka (sijitetei, naeleza tu). Wiki ile nilikuwa nafundisha kidato cha nne namna ya kuwaandikia wakubwa, kile Kiingereza cha kuvaa tai, ambacho mtu hasemi tunataka mizani, anasema inapendekezwa “that” mizani “should” iletwe. Ile “that” inafungua mlango, “should” inaingia nyuma yake kwa adabu, na mwenye shida haonekani popote. Nilikuwa nimeyaandika hayo ubaoni mpaka vumbi la chaki linaingia kwenye chai yangu, sasa risala nayo nikaiandika hivyohivyo, kila ombi na “that” yake na “should” yake, nikajisomea kwa sauti chumbani, nikajiona msomi kweli.

Siku moja kabla ya ugeni tukakutana mchana kwenye ghala la zamani la ushirika. Nikawasomea yote. Mzee Oswini akasikiliza kwa heshima, akavua kofia.

“Mwalimu, tumeshukuru sana,” akasema. “Sasa sisi tutajuaje pa kupiga makofi? Mwaka jana alikuja mgeni hapa tukakaa kimya kama tuko msibani, akaenda kusema kijiji hiki hakina mwamko.”

Hapo ndipo ulipo uamuzi wenyewe. Ningeweza kumwambia, Mzee, nitatikisa leso, mkiiona pigeni. Ningeweza kusoma sentensi ya Kiingereza kisha ya Kiswahili, jambo ambalo hata mtoto angelifikiria. Lakini mimi, na uchovu wangu na usomi wangu, nikasema, “Rahisi tu. Mkisikia ‘thati’, jiandaeni. Mkisikia ‘shudi’, pigeni makofi.”

Tukafanya mazoezi. Nasema kweli, walikuwa wanafunzi wazuri kuliko wangu wa darasani. Nikisema thati naona mikono inainuka mapajani, nikisema shudi ghala zima linalia. Mama Otilia akaongeza vigelegele kwa hiari yake. Makofi yakipungua nilikuwa nainua mikono yote miwili juu, kwamba ongezeni, nao wanaongeza (ikumbukeni hiyo mikono, ndiyo iliyonimaliza).

Kesho yake wageni wakachelewa. Mvua ilikuwa imenyesha, gari lao likashindwa kupanda, meneja akapanda kwa miguu, akafika na tope hadi magotini, anahema. Mimi moyoni nikasema vizuri, huyu sasa hahitaji hata risala. Alikuja na karani wake wa kutafsiri, na mtendaji wa kata akawa mwenyekiti wa mkutano. Tuliketi meza kuu tukiwatazama wananchi, wamejaa, akina mama mbele na khanga zao za kanisani.

Nikasoma. Jamani, ilikwenda vizuri mno. Thati, mikono juu. Shudi, makofi, vigelegele. Meneja akawa ananitazama mimi, anawatazama wao, anatikisa kichwa kwa mshangao. Karani wake akamnong'oneza kitu, kisha akamwambia mtendaji kwa Kiswahili, nami nikasikia: “Hawa wanaelewa vizuri sana. Hakuna haja ya kukatiza katiza, nitatafsiri kwa ufupi mwishoni, tuwahi mvua.”

Hapo nilipaswa kusimama. Nikatabasamu.

Meneja akainuka na karatasi yake. Na mimi, mwalimu mzima, sikuwa nimefikiria hata mara moja kwamba aliyemfundisha huyu mtu Kiingereza cha ofisini ndiye babu wa aliyenifundisha mimi. Akasoma kwamba kampuni inapendekeza that mizani should ibaki barabara kuu.

Makofi.

Akashtuka kidogo, akafurahi. Akasoma kwamba inatarajiwa that wakulima should waendelee kuileta kahawa wenyewe mpaka hapo. Makofi na vigelegele. Nikainua mikono yote miwili kuwatuliza, acheni, acheni, nao wakakumbuka mazoezi, wakaongeza. Wengine wakasimama. Akasoma kwamba ni muhimu that kahawa itakayofika imelowa should irudishwe na aliyeileta, yaani mama ashuke nayo mvuani halafu apande nayo tena, na kwa hiyo moja Mama Otilia akatoka mbele akacheza. Meneja wa watu, machozi yanamlengalenga, akaweka karatasi chini na kuanza kuongeza mengine ya kichwani, nayo yote yana shudi.

Mtaniuliza kwa nini sikusimama. Nimejiuliza mwenyewe miaka yote. Ningesimama niseme nini? Kwamba hawa watu hawajui wanachoshangilia, nimewafundisha mimi jana kwenye ghala? Mbele ya Mzungu, mbele ya mtendaji? Niliona aibu, nikakaa, nikasubiri mtu mwingine aokoe jahazi, na hakukuwa na mtu mwingine, kwa sababu aliyejua Kiingereza kati yetu nilikuwa mimi peke yangu.

Mtendaji akasimama. Akasema kwa kuwa wananchi wameyapokea kwa shangwe, mkutano umepitisha mapendekezo ya kampuni kwa makofi. Mnajua mikutano yetu, kikishapitishwa kwa makofi kimepita. Wakashikana mikono na meneja. Ndipo karani akatafsiri.

Mama Otilia alikuwa bado amesimama mbele, pale alipokuwa anacheza, akaanza kuifunga khanga yake upya taratibu, akarudi kukaa.

Mzee Oswini akainuka. Hakunitazama. “Mtendaji,” akasema, “naomba tuyarudishe yale makofi.”

“Mzee wangu,” mtendaji akajibu, na hata hakusema kwa ubaya, “makofi hayarudishwi. Mkutano umeshapitisha. Labda msimu ujao.”

Sasa ndipo nikasimama, nikaeleza, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Meneja akasikiliza, akacheka kwa upole kama mtu aliyesimuliwa hadithi nzuri, akasema wataliangalia, wakala wali na samaki walioagizwa Lituhi, kule ziwani, kwa ajili yao, wakashuka kabla ya mvua. Msimu mzima mizani ilikaa barabarani.

Tangu siku hiyo nimeapa, mtu akiniomba risala ya Kiingereza namwambia nitaandika, ila kila sentensi isomwe kwa Kiswahili kwanza, na wenye shida waniambie kama ndiyo hiyo. Wengine wananiona mwalimu msumbufu, wananihama, wanakwenda kwa wengine. Sawa.

Msimu ule ule, Jumamosi moja, nilishindwa kukaa nyumbani, nikachukua mfuko mdogo wa kahawa nikashuka nao pamoja na akina mama. Katikati ya mlima Mama Otilia akatua gunia lake kwenye jiwe apumzike. Nilikuwa nimebeba robo ya mzigo wake na siwezi kuongea kwa kuhema, lakini nikamwambia, Mama, nisamehe kwa ile siku.

Akajifuta uso kwa ncha ya khanga. “Mwalimu,” akasema, “ungetuacha tu tukae kimya. Kukaa kimya tunajua.”

Kisha akainama kidogo, akaweka kata yake ya kitambaa kichwani, akaniomba nimsaidie kujitwika. Nikamtwika, tukaendelea kushuka.